Nyasi Waliyoipa Jina la Keziya

"Jana nimeng'oa Keziya mpaka viganja vimechubuka," alisema mwanamke mmoja aliyeinama katika jaruba la mpunga.

"Heri yako wewe," akajibu mwenzake. "Kwangu Keziya ameota hadi mlangoni."

Keziya mwenyewe alikuwa amesimama juu ya tuta nyuma yao, kapu lake kichwani. Alikuwa anataka kuwaamkia apite. Badala yake akasikiliza. Wale wanawake walipogeuka na kumwona, mmoja akajifanya anafunga kitambaa, wa pili akamwamkia haraka, "Mugonile, mama," kana kwamba hapakusemwa neno.

"Keziya ndiye nani anayeng'olewa?" aliuliza.

Walitazama mfereji, na yeye akautazama. Kando ya maji ilikuwa imesimama ile nyasi ambayo kijiji chote cha Ipyana kilikuwa kinailaani tangu masika ya mwaka juzi: mashina manene yaliyoshikana kama fagio lililochomekwa ardhini, marefu kumpita mwanamume mrefu, chini yana rangi ya zambarau na vinyweleo vinavyowasha, juu yana masuke yenye manyoya laini meupe. Ng'ombe waliila ikiwa changa. Ikikomaa waliigeuzia mkia. Kuing'oa ilikuwa kazi ya kuvunja mpini. Ilikuwa imejaa mifereji, ikapanda matuta, na sasa ilikuwa inaingia kwenye mpunga. Hakuna mzee aliyewahi kuiona. Haikuwa na jina la Kinyakyusa, wala la Kikisi, wala la Kiswahili. Kumbe walikuwa wameipatia jina.

Aliyeibatiza alikuwa shemeji yake, Nsajigwa. Tangu mume wa Keziya afariki, Nsajigwa alikuwa analitamani shamba la kaka yake, na Keziya alikuwa amekataa kulitoa na kukataa kurithiwa. Mwanamke huyu alizaliwa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Nyasaland, akasoma shule ya misheni huko mpaka akajua Kiingereza kidogo, na baada ya kufiwa alijitegemea kwa biashara. Alinunua vyungu vya Wakisi wa ziwani, akavivusha kwa mtumbwi pale Katumba Songwe, akauza Karonga, akarudi na vikombe na sahani vilivyofungwa kwa nyasi kavu ili visigongane njiani. Nyasi zile alizimwaga kando ya shamba lake. Basi Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, Nsajigwa alisema kwa sauti ya kusikika, "Mnatafuta gugu hili limetoka wapi? Muulizeni Keziya. Linakuja ndani ya vikapu vyake."

Neno likaota kuliko hata nyasi. Lilimfikia Malafyale, chifu wao, naye akapiga marufuku nyasi yoyote kavu kuvushwa mtoni. Safari iliyofuata, vikombe vya Keziya vilifika ni vigae. Alivimwaga uani, akavitazama, akalia kwa hasira, si kwa huzuni.

Lakini hasira haikumzuia kujiuliza. Je, kama ni kweli? Alikwenda pale alipozoea kumwaga nyasi za vikapuni, akapekua kwa mikono. Paliota ukoka na ndago tu, kama popote. Akakata suke la ile nyasi ngeni, akalivusha hadi kwa wajomba zake ng'ambo. Wakalisugua, wakalinusa, wakatikisa vichwa, kwao halikuwapo. Aliporudi alipita mferejini akiwa na rafiki yake Tuntufye, mfinyanzi wa ziwani aliyekuwa anamletea vyungu, na hapo ndipo lilipomjia jambo ambalo alishangaa halikumjia mapema.

"Tuntufye, shamba langu liko wapi?"

"Si hapo chini, karibu na ziwa."

"Maji yanatoka wapi?"

"Juu, upande wa Busale. Unaniuliza nini wewe?"

"Kama nyasi imetoka kwangu, ilipandaje juu ya maji? Tazama. Kwangu kuna mashina ya kuhesabika. Huko juu ni pori."

Wakachukua jembe, wakaifuata. Walipanda na mfereji, kisha na kijito kinachoumwagia maji, na kadiri walivyopanda ndivyo mashina yalivyozidi kusongamana, mpaka wakawa wanapenya kwa kuinamisha vichwa, masuke yakiwapaka mbegu nguoni. Mbegu ziling'ang'ania khanga zenye umande kama chawa. Karibu na Busale kijito kilipita kando ya uzio wa seng'enge. Ndani ya uzio nyasi ile ilisimama kwa mistari, imepaliliwa, imewekewa samadi.

Mlinzi alikuwa mzee mpole aitwaye Zebedayo. Aliwakaribisha kivulini, akafurahi kupata watu wa kuzungumza nao.

"Tata, hiki ni kitu gani mnacholima humu?" aliuliza Keziya.

"Malisho hayo, binti yangu. Ya kunenepesha ng'ombe. Mbegu ilikuja kwa meli kutoka Amerika ya kusini. Bwana Shamba Mzungu aliileta mwenyewe, mwaka ule mvua zilipochelewa. Ina jina refu la kwao, ulimi wangu hauliwezi."

"Na ng'ombe wamenenepa?"

Zebedayo akacheka. "Wanaonja, wanaacha."

Keziya alifungua kitambaa chake, akatoa suke alilolikata Ipyana. Alilishika kando ya suke lililochungulia kwenye seng'enge. Vijitawi vilivyopangana upande mmoja na mwingine wa ufito, vilevile. Mbegu bapa zenye pindo la manyoya, vilevile. Akainama, akapapasa tako la shina: zambarau ile, na vinyweleo vile vinavyowasha. Moyo ulimpiga, akafikiri ni furaha, kumbe ni ghadhabu inajipanga.

"Naomba shina moja, tata."

"Hapana, binti yangu, hilo siwezi. Ni mali ya serikali."

"Ndani ya seng'enge ni mali ya serikali," alisema Keziya taratibu, "na ikishatoka nje ni Keziya."

Mzee hakuelewa. Lakini nje ya uzio, kando ya kijito, nyasi ilikuwa tele, na hakuna mlinzi aliyewekwa kuilinda huko. Tuntufye alishika jembe, wakang'oa shina zima na mizizi yake, wakaliosha kijitoni.

Siku ya baraza Bwana Shamba alishuka kutoka Tukuyu. Alikuja na Ezroni, msaidizi wake Mwafrika, kijana wa Kyela aliyesomea kilimo, kumtafsiria. Amri ilikuwa fupi: kila kaya ing'oe gugu lililo katika mashamba na mifereji yake kabla ya mvua, atakayekaidi atashtakiwa. Bwana akaongeza kwamba uzembe wa wakulima na biashara za mpakani zisizo na utaratibu ndivyo vilivyoleta balaa hili. Ezroni alitafsiri macho yakiwa chini. Nsajigwa aliitikia kwa kichwa kila neno.

Keziya alisimama. Alikuwa ameonana na Malafyale faraghani kabla ya baraza, akamweleza, na kwa haki ya mzee yule ni lazima isemwe kwamba alisikiliza hadi mwisho. Sasa aliweka mbele ya watu mashina mawili yaliyooshwa, moja limefungwa kwa ganda la mgomba, la pili kwa utepe wa khanga.

"Shemeji Nsajigwa," alisema, "wewe ndiye unayemjua Keziya. Njoo utuonyeshe. Moja kati ya haya ni gugu nililolileta mimi, nimeling'oa jarubani kwako. Lipi?"

Watu wakacheka kidogo. Nsajigwa akaja, akageuza shina hili, akageuza lile, akanusa, akapapasa vinyweleo. Hatimaye akanyoosha kidole.

"Hili. La ganda la mgomba. Hili ndilo linalotuua."

"Hilo," alisema Malafyale kutoka kitini pake, "limeng'olewa Busale, kando ya seng'enge ya serikali."

Ukavuma mnong'ono. Bwana Shamba aliuliza kuna nini. Keziya akamgeukia Ezroni. "Mwambie: nyasi hii ni yake. Aliileta kwa meli, ikamtoroka kwa maji, na sisi tumetukanwa kwa ajili yake."

Ezroni akasema kwa Kiingereza kwamba mama huyu anaomba Bwana atazame kama nyasi hizi zinafanana.

"Ezroni!" Sauti ya Keziya ilipasuka. "Sikuomba mimi. Ulikuwa unapita pale Busale kila wiki. Uliijua nyasi hii tangu siku ya kwanza, ukatuacha tuitane majina!"

Kisha akamwambia yule Mzungu mwenyewe, kwa Kiingereza cha misheni, polepole, neno lilelile alilokuwa amemtuma Ezroni. Uso wa Bwana Shamba uliiva. Aliyashika mashina, akayatazama kwa muda. Alisema kwamba nyasi hufanana, kwamba jambo hili lingehitaji wataalamu, na kwamba hata hivyo amri iko palepale, gugu ling'olewe.

"Litang'olewa," alisema Malafyale. "Tutaanza juu, linakotoka maji. Bwana akishang'oa la kwake Busale, sisi tutashika majembe siku hiyohiyo. Kung'oa la chini na kuacha la juu ni kuteka maji kwa tenga."

Hakuna aliyepiga kelele. Watu walisimama tu, wakakung'uta nguo, wakaondoka mmoja mmoja bila kungoja baraza lifungwe. Keziya hakuondoka. Alimzibia Nsajigwa njia.

"Yameisha, shemeji," alisema Nsajigwa. "Tumesikia wote."

"Ulisema mbele ya kanisa. Utasema mbele ya kanisa."

"Nitasema nini?"

"Kwamba ulisema uongo. Utaje jina langu na utaje jina lako."

Jumapili Nsajigwa alisema. Alisema akitazama viatu vyake, kwa sauti ya kusikika safu mbili tu, na Keziya akamtaka arudie. Akarudia. Marufuku ya Malafyale iliondolewa wiki hiyo. Vikombe vilivyovunjika hakuna aliyevitaja.

Kiangazi hicho trekta lililima lile shamba la Busale likageuza kila kitu chini juu. Hakuna aliyepewa maelezo, na Bwana Shamba hakurudi kuomba radhi; walisikia amehamishwa. Ezroni alikuja nyumbani kwa Keziya jioni moja, akasimama mlangoni, akasema, "Mama, niliogopa kazi yangu." Keziya alimpa kiti na uji. Msamaha hakumpa, wala yeye hakuuomba mara ya pili.

Nyasi yenyewe haikwenda popote. Ilikuwa imeshazoea nchi. Watu wa Ipyana waliteremka mferejini na majembe, na Keziya alikuwa miongoni mwao, khanga ameipandisha magotini, matope yamemfika mapajani. Tuntufye alimwambia apumzike, watu wamekwisha kumsafisha jina. Keziya akapiga jembe chini ya shina jingine, likagoma, akapiga tena.

"Jina wamelisafisha," alisema akihema. "Shamba langu je, nani ameniuliza kama nilitaka malisho?"