Ngumi ya Eliaichi

Kanisa jipya la mwaka 1954 lilikuwa zuri, hakuna aliyebisha. Mabati juu, saruji chini, mabenchi yenye migongo. Sirili alikaa humo kila Jumapili, lakini moyo wake ulibaki katika lile la zamani, la miti na udongo, ambamo mvua ikinyesha padri alihubiri huku akikwepa matone. Humo watu walikaa chini kwenye nyasi, wanaume upande wao, wanawake upande wao. Na ilipofika sala ya kuungama, uliusikia mkono wa shemeji yake Eliaichi kutoka kwa wanawake: du, du, du. Sasa Eliaichi alikuwa na mwaka wa pili kaburini, na Sirili aliukumbuka mdundo ule kuliko alivyowakumbuka ndugu zake wengine waliokufa, Mungu amsamehe.

Eliaichi alizaliwa kwa Walutheri wa Marangu, akaingia Ukatoliki kwa kumfuata mumewe Melkior, kaka yake Sirili. Kujipiga kifua alijifunza ukubwani, na aliyemfundisha ni Sirili mwenyewe, jikoni, ndizi zikichemka mafigani.

"Kunja ngumi, shemeji. Polepole. Hufukuzi kuku hapo."

Polepole hakuiweza kamwe. "Nimekosa mimi," du. "Nimekosa mimi," du. "Nimekosa sana," du, mpaka wasichana wakawa wanachekea ndani ya kanga zao. Jamani, zilikuwa siku tamu zile.

Kisha ukaja ukame wa mwaka 1937, na Sirili akafanya ubaya.

Maji ya mfereji yaligawanywa kwa zamu, na mlango mmoja wa mfereji ulipeleka maji kwenye kihamba cha Melkior, shamba lake la migomba na kahawa, na cha Sirili. Siku hiyo zamu ya Eliaichi iliisha saa sita mchana. Akaziba mlango kwa vipande vya mgomba na udongo, akateremka porini kukata majani ya ng'ombe. Sirili alibaki peke yake na miche yake ya kahawa, majani yamejikunja kwa kiu. Akatazama huku, akatazama kule. Akachukua jembe, akaufungua mlango.

Watu wa chini, waliokuwa wakingoja maji yao, walipanda wakiwa wamefura kwa hasira, wakakuta mlango wazi. Wazee wa mfereji walipomuuliza Sirili, alijibu bila kupepesa macho, "Mimi nilikuwa gulioni kule Mkuu." Basi kosa likamwangukia aliyekuwa na zamu. Eliaichi aliapa kwamba aliziba, lakini nani wa kumsikiliza? Alitozwa mtungi wa pombe ya mbege na kunyimwa maji mpaka masika. Maharage yake yalikauka yakiwa na maua, na Melkior alikula chakula chake wiki nzima bila kumsemesha.

Sirili aliyaona yote hayo kutoka ng'ambo ya mpaka wa mashamba yao. Neno lake moja lingetosha, na neno lenyewe hakulitoa kwa miezi mitano.

Kwaresima ilipofika, Jumapili moja baada ya misa, bibi mmoja mbishi alimbana katekista Primus hapo uani.

"Mwalimu, kwa nini kifua? Aliyewaza maovu si kichwa?"

Primus alicheka. "Bibi, sisi tukiulizwa nani kakosa, mkono unaonyesha jirani. Hapo kanisani tu ndipo unapogeuka ukakuonyesha wewe mwenyewe. Kosa limelala humo ndani. Unaligongea liamke, litoke."

Watu walicheka pamoja naye, Sirili hakuweza. Miezi mitano alikuwa akijigusa kifua kama mtu anayepangusa vumbi kwenye shati. Na asubuhi ile ile Eliaichi alikuwa amejipiga kwa nguvu kuliko siku zote. Aibu ilimshika, aibu ya kweli.

Hakupita nyumbani. Pale mpakani alichuma jani la isale, ambalo Mchagga akiombwa nalo msamaha hakatai, akalifunga fundo. Alimkuta Eliaichi akiwakatia ng'ombe mgomba. Akapiga magoti mbele yake, mwanaume mzima, na suruali yake ya Jumapili.

"Shemeji, mlango niliufungua mimi. Nilisema uongo mbele ya wazee."

Eliaichi aliweka panga chini. Hakulipokea jani mara moja.

"Kwani mimi niliziba?"

"Uliziba, shemeji. Tena ulishindilia. Nilihangaika na jembe kuufungua."

Mama wa watu akaketi pale pale kwenye maganda ya mgomba. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Kosa hilo nimeliungama mara tatu kwa padri," alisema. "Nilijiambia, wazee wote wale hawawezi kukosea, na mume wangu naye. Ikafika mahali nikawa najiona kwa macho yangu nikiondoka, nimeuacha wazi. Kila Jumapili nikazidisha mkono, nikidhani sijatubu vya kutosha."

Sirili aliinamisha kichwa. Hapo ndipo alipojua ukubwa wa alichomwibia. Maji na maharage vilikuwa vitu vidogo.

Eliaichi alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akalichukua jani la isale kutoka mkononi mwake.

"Nimekusamehe. Sasa simama, twende kwa wazee. Na ukifika useme kwa sauti, Sirili, nami nisikie vizuri."