Usman Alipomfuta Dedan

Jumapili jioni kamati ya Chania Stars iliamua kwamba kocha Dedan Kihara aende. Timu ilikuwa imefungwa mechi tano mfululizo, na bila mabadiliko, wanakamati walisema, ingeshushwa daraja. Wakamtuma mwenyekiti, Usman Shakir, apeleke habari, kwa kuwa yeye ndiye aliyemjua Dedan tangu ujana.

Asubuhi Usman hakufungua duka lake la vitambaa mjini Nyeri. Alikwenda nyumbani kwa Dedan kule Giakanja, akamkuta akiwakatia ng'ombe majani ya nepia.

"Umekuja kunifuta ama umekuja kunywa chai?"

"Yote mawili," Usman akajibu.

Magdaline, mke wa Dedan, aliiweka chupa ya chai mezani kwa kishindo. "Ati wewe, Usman. Hii timu mlikuwa mnaipanga hapa kwa nyumba yangu. Leo unakuja na viatu ya ofisi?"

"Mwache, Mama Wangui. Ametumwa," Dedan akamwambia mkewe.

Walikunywa chai. Kisha Dedan, kana kwamba hakuna aliyefutwa, akaanza kuikumbuka siku ile ya Murang'a. Walikuwa vijana wa Chania, Dedan kiungo, Usman winga wa kulia. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na Usman amefunga. Kila alipoishiwa nguvu, Dedan aliukalia mpira, akauzungusha nyuma mpaka rafiki yake apate pumzi. Walishinda. Filimbi ilipolia hakuna mchezaji aliyegusa maji. Walikaa nyasini, Wakristo kumi na yeye mmoja, wakingoja adhana, halafu wote wakala tende ambazo mama yake Usman alikuwa amezifunga kwenye leso.

"Na mwenzetu Gicheru akameza kokwa," Dedan akasema.

"Akalia ati mti utaota tumboni!"

Walicheka mpaka Magdaline, huko jikoni, naye akashindwa kujizuia. Lakini Usman alipoaga, Dedan hakumsindikiza hadi langoni kama kawaida yake.

Kocha mpya alitoka Nairobi. Alijitahidi, na Chania ikashinda mara mbili. Wakati huohuo timu ya Kenol Highway, nao wakiogopa kushuka, walimfuta kocha wao wakamchukua Dedan. Ratiba ikazikutanisha timu hizo siku ya mwisho ya ligi, mjini Nyeri. Chania ilihitaji ushindi. Kenol sare iliwatosha.

Chania walitangulia kufunga. Uwanja mzima uliimba. Halafu, mechi ikielekea ukingoni, kiungo wa Kenol alitazama kushoto, akaupeleka mpira kulia bila kugeuza kichwa. Usman aliijua pasi ile. Alikuwa ameipokea kutoka kwa Dedan ujana wake wote. Kabla hajajijua alikuwa amesimama, mkono juu, akipiga kelele, "Ingia ndani! Ndani!"

Winga wa Kenol akaingia ndani, akafunga.

Mashabiki wakageuka kumtazama. "Mwenyekiti gani huyu?" mmoja akafoka. Usman akaketi, uso ukimwaka. Mechi ikaisha sare, na Chania ikashuka.

Watu walipotawanyika, Dedan alivuka uwanja, akaketi karibu naye.

"Nilikusikia ukiita."

"Siku ile nilipokufuta pole ilikuwa yako, leo ni yangu," Usman akasema. "Rudi nyumbani, Dedan. Nitaongea na kamati."

Dedan alitikisa kichwa. "Siwezi. Hawa walinipokea nikiwa na aibu. Lakini huyo winga wetu ni kichwa ngumu, hajui kukimbia bila mpira. Niko na haja ya mtu wa kumwonyesha."

"Mimi? Na hii kitambi?"

"Hutakimbia. Utasema."

Jumatatu Usman alijiuzulu uenyekiti. Jumamosi alimwachia mkewe Waridi duka, akateremka Kenol. Jua la huko lilikuwa kali kuliko la Nyeri, na malori ya barabara kuu yaliyameza maneno. Alipokuwa bado anawasalimu vijana, sauti ya Dedan ikamfikia kutoka katikati ya uwanja.

"Usman! Acha kusimama kama mgeni!"

Akavua koti, akaingia.