Maiti ya Monclova

Refugio na mkewe Eduviges walipanda basi alfajiri kwenda Monclova, mji wa viwanda vya chuma. Walikuwa wameitwa kutazama maiti iliyodhaniwa kuwa ya mwana wao Nazario, aliyetoweka mwaka uliopita. Mhudumu wa chumba cha maiti alifunua shuka. Eduviges akaikagua mikono yote miwili.

"Si yeye, mzee wangu. Nazario alikatwa kidole na mashine. Huyu vidole vyake vyote vipo."

Refugio akashusha pumzi. "Afadhali! Basi twende zetu, mama."

"Afadhali gani? Na huyu ana mama yake."

Akapiga magoti, akamsalia rozari nzima. Refugio alimsubiri mlangoni, kofia mkononi, akilia. Walirudi kwa basi la jioni, hawana mwana wala kaburi.