Bakuli la Chumba cha Tano

Mzee Pyo alivua viatu mlangoni, akaviegemeza ukutani, akatua kasha lake la vifungo, kisha badala ya kuketi kama wageni wengine akapiga magoti na kuanza kupapasa sakafu. Alipapasa kwa kiganja kizima, polepole, kutoka mlangoni hadi dirishani, kama mtu aliyedondosha sindano. Na sindano alizijua. Ndizo alizouza miaka thelathini, pamoja na nyuzi, vifungo na mipira ya suruali, gulio hadi gulio katika milima ya Korea.

"Unatafuta nini, Baba?" aliuliza Kumsil, binti yake, ingawa alijua.

"Pale penye moto, pa kulala mzee."

"Kote kuna moto."

"Ndicho ninachosema. Pale penye moto pako wapi?"

Mama Chilsong, mwenye gesti ya Samhwa, alikuwa ameshika sinia la birika na vikombe viwili. Alikuwa amenenepa tangu mara ya mwisho, na nywele zake alizipaka rangi nyeusi mno.

"Baba Kumsil, usinichubulie sakafu. Makaa nimeacha tangu mwaka juzi. Sasa nina boila, maji ya moto yanazunguka chini kote. Hakuna tena kugombea kona. Kila mahali ni pa mzee!"

"Kama kila mahali ni pa mzee, basi mimi ni nani?"

"Wewe ni mzee mwenye kelele, kama zamani. Kunywa chai."

Kumsil hakucheka. Alikuwa ameomba ruhusa ya siku tatu kiwandani kwa ajili ya chumba hiki. Baba yake aliteleza kwenye barafu mwanzoni mwa baridi, nyonga ikaumia, na kule kijijini aliishi peke yake, akijichotea maji, akijipikia. Kumsil alimchukua akampeleka mjini Taegu, kwenye vyumba vyake viwili vya kupanga, ghorofa ya tisa. Mzee alikaa siku sita. Siku ya saba Kumsil alirudi kutoka kazini akakuta viatu vya baba yake havipo mlangoni. Alikuwa amepanda basi, na nyonga yake hiyo hiyo, akarudi kijijini bila kuaga.

"Kule juu nalala kama shati kwenye droo," alimwambia baadaye kwa simu ya mwenyekiti wa kijiji. "Usinibembeleze. Nipeleke Samhwa, chumba cha tano. Nikilala pale, nitakwambia kama naja kwako au siji. Na nikisema siji, usiniulize tena."

Ndipo wakaja. Na sasa chumba cha tano hakikuwa chumba cha tano. Ile karatasi ya manjano iliyopakwa mafuta, iliyokuwa imetandikwa sakafuni, ilikuwa imebanduliwa na kuwekwa zulia la plastiki lenye maua. Lile baka la kahawia kwenye kona, mahali ambapo karatasi iliungua kwa miaka mingi kwa sababu mdomo wa jiko ulikuwa chini yake upande wa nje, halikuwepo.

Kumsil alilikumbuka baka lile kuliko alivyoikumbuka sura ya mama yake. Mama alifariki mwaka ule Kumsil alipomaliza darasa la sita, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumwachia, baba alimbeba pamoja na mizigo. Miaka mitano walilala katika gesti za namna hii, zenye kuta za karatasi, na mara nyingi katika chumba hiki hiki. Waliwajua majirani kwa kikohozi kabla ya kuwajua kwa sura. Huyu muuza dawa za minyoo, yule muuza vitana anayeota kwa sauti, wale wawili wa samaki wakavu ambao harufu yao ilitangulia kuingia na ikachelewa kutoka.

Kazi ya Kumsil ilikuwa kungoja. Baba alirudi gulioni akiwa amechelewa, na chakula cha gesti kililetwa saa ile ile kwa wote. Basi Kumsil alikula wake, na wali wa baba aliuacha katika bakuli la shaba lenye kifuniko, akaliweka juu ya lile baka la kahawia, akalifunika kwa blanketi. Kisha alikaa kando, miguu yake chini ya blanketi hilo hilo, vidole vikigusa shaba, akihesabu hatua za watu uani. Hatua za baba zilikuwa nzito mguu wa kushoto, upande aliobebea kasha. Alipoingia na theluji mabegani, wali ulikuwa bado unatoa mvuke.

Mara moja tu, katika gesti ya gulio la Chunyang, njaa ilimshinda. Alifunua aonje kijiko kimoja. Baba alifika akakuta bakuli tupu, la moto. Alilitazama, akamtazama mtoto.

"Bahati nzuri," alisema. "Mimi nimekula gulioni, tumbo litapasuka." Akanywa maji ya moto, akalala.

Hapa Samhwa, kila alfajiri Mama Chilsong alipita akigonga milango yote. Makaa yale yalikuwa na sumu isiyoonekana. Mtu aliweza kulala mzima asiamke. "Mmeamka?" aliuliza kila mlango, na asiposikia jibu aliingia na bakuli la maji baridi ya figili za chumvi, dawa ya sumu ile, amnyweshe mtu kwa nguvu. Baba alilala kama gogo. Kumsil ndiye aliyekuwa akijibu kwa niaba ya wote wawili, "Tumeamka, Shangazi!"

Usiku huu wa kwanza ulipita, na alfajiri hakuna aliyegonga. Boila haina sumu. Kumsil alifungua macho akamkuta baba yake ameketi, mgongo ukutani, palepale palipokuwa na baka.

"Umelala, Baba?"

"Kidogo."

"Basi?"

"Basi nini? Hata chai sijanywa."

Kumsil alimmiminia chai. Saa nne, theluji ilipoanza kuanguka, alijifunga skafu. "Naenda stendi kuuliza mabasi. Nitarudi kabla ya chakula cha mchana."

"Unauliza basi la wapi?"

"Nauliza tu."

Stendi ilikuwa imejaa watu waliokwama. Karani alisema mabasi ya mchana yamesimamishwa, lakini wangojee, huenda yakaruhusiwa. Kumsil alingoja. Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Ilipokaribia saa tisa karani akapiga ukelele kwamba ni kesho, basi la kwanza, anayetaka aje. Kumsil alipofika dirishani na karani akamuuliza wangapi, mdomo wake ulisema "wawili" kabla hajafikiri. Alitoka nje akiwa na tiketi mbili za Taegu mkononi, akaona aibu, kama mtu aliyempimia mwenzake nguo bila kumwambia.

Aliingia uani Samhwa akitembea haraka. Mbele ya chumba cha tano palikuwa na theluji tu. Viatu vya baba yake havikuwepo.

Alisimama. Ndivyo ilivyokuwa Taegu. Mtu mzima haagi. Anavaa viatu vyake.

"We mtoto!" Mama Chilsong alimwita kutoka chumba cha boila, ameinua viatu vyeusi kimoja kila mkono. "Umesimama hapo kama mlingoti, kwani chumba umekisahau? Vilikuwa vimejaa theluji, nimeviweka hapa vikauke. Na umwambie baba yako nataka bakuli langu! Nimefuata vyombo mara mbili, mara mbili amenifukuza kama kuku."

Kumsil alifungua mlango. Mzee Pyo alikuwa amelala ubavu, amejikunja, blanketi hadi kidevuni, mchana kweupe. Macho yalikuwa wazi.

"Baba, unaumwa?"

"Umechelewa. Nawa mikono."

"Nyonga?"

"Nyonga haina neno. Funga mlango, baridi inaingia. Nawa."

Alinawa. Mzee aliketi kwa shida, akaingiza mkono chini ya fulana yake ya sufu, akatoa bakuli la wali lenye kifuniko. Halikuwa la shaba, lilikuwa la chuma chepesi, la siku hizi. Alilisukuma mbele ya binti yake pamoja na kisahani cha kabichi ya pilipili.

"Nililiweka sakafuni," alisema, akitazama pembeni. "Likapoa. Sakafu yenyewe haina akili, inapasha kila kitu nusunusu. Nikaona bora tumbo."

"Tangu saa sita?"

"Kwani nilikuwa na kazi gani nyingine? Kula."

Kumsil alifunua. Wali haukutoa mvuke. Ulikuwa na joto la mtu tu. Alikula kijiko cha kwanza, cha pili, hakuinua kichwa, kwa sababu angekiinua angelia na mzee angekasirika. Alikula wote. Alikwangua hadi chini.

"Siku ile ya Chunyang," alisema alipomaliza, "ulikuwa umekula gulioni kweli?"

"Nilikula nini? Theluji?" Mzee Pyo alikohoa, kumbe ni kicheko. "Usiku kucha tumbo lilinguruma. Nilidhani litakuamsha."

Walicheka hadi jirani akagonga ukuta. Kisha mzee alichukua bakuli tupu, akalifunika na kifuniko chake, akalishika kwa mikono miwili.

"Kule Taegu, kazini unatoka saa ngapi?"

"Saa moja jioni. Zikiwa kazi nyingi, saa mbili."

"Na wali nani anakuwekea?"

"Sina wa kuniwekea. Kuna mtungi wa umeme wa kupikia, unapika wali na kuutunza na joto wenyewe."

"Mtungi," alisema Mzee Pyo, kama mtu anayetaja jina la mwizi. "Nilipokuwa kule niliuona. Una taa nyekundu, haujui hata nani anangojewa." Aliliweka bakuli sakafuni. "Tiketi umekata ngapi?"

"Mbili."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Una kiburi kama mama yako," alisema. Akajilaza tena, akavuta blanketi. "Kasha langu lile la vifungo utalibeba wewe. Mimi nitabeba tumbo."

Kulipokuwa bado giza, hatua zilisikika uani, zikasimama mlangoni. Basi la kwanza lilikuwa saa kumi na mbili na nusu, na Mama Chilsong hakuwa amesahau. Aligonga mara mbili, kama alivyogonga enzi za makaa.

"Mmeamka?"

Kumsil alikuwa macho kitambo. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Alilimeza, akafumba macho, akangoja.

Kando yake sakafu ilikwaruza. Mzee alikuwa akijiinua kwa kiwiko.

"Tumeamka," alijibu Mzee Pyo, kwa sauti ya kuamsha gesti nzima. "Wote wawili!"