Kimo cha Daraja

Mwaka aliostaafu, shule ilimuuliza Hadubini angependa zawadi gani ya kuagwa nayo. Waliomtangulia walichukua saa za ukutani na mablanketi, na mmoja alichukua kochi la watu watatu ambalo mpaka leo halijapita mlangoni kwake. Yeye alisema anataka ile mashua iliyolala nyuma ya maabara.

Mwalimu mkuu alidhani hakusikia vizuri. "Mashua ipi?"

"Ile iliyoota majani ndani."

Ilikuwa mashua ndogo ya tanga, urefu wake hatua sita za mtu mzima. Ililetwa zamani kwa ajili ya chama cha wanafunzi wapenda maji, na chama chenyewe kikafa kabla mashua haijalowa. Kwa miaka mingi Hadubini alikuwa akiitazama dirishani huku akisuuza chupa. Jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa sababu ndiye aliyetunza hadubini za shule, na kwa sababu hakuna uchafu uliowahi kumpita. Alikaa humo maabara miaka thelathini na mmoja. Chumba kimoja, sinki moja, dirisha moja. Siku alipokabidhi funguo alirudi nyumbani, akaketi sebuleni, akainuka, akaketi tena, na tangu hapo hakuna aliyemwona akimaliza kikombe cha chai akiwa kwenye kiti.

Mashua ikawekwa uani, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo. Miezi tisa aliipiga msasa, akaziba nyufa, akabadilisha mbao mbili za ubavuni, akaipaka rangi. Kila Jumamosi alikwenda ufukweni kujifunza kushika tanga kwa mwalimu mmoja wa michezo ya majini, binti aliyekuwa na umri wa kuwa mwanawe. Alipinduka mara nne. Mara ya tano akakataa kupinduka.

Safari aliyoipanga ilikuwa ya siku kumi na tisa: kumi na moja kufuata pwani, kisha kuingia mlango wa mto na kupanda nao siku nane, hadi pale unapogawanyika mikono miwili. Walipomuuliza kwa nini huko, kila mtu alimpa jibu lake, na majibu yote yalikuwa ya kweli.

Mumewe alikuwa kinyozi. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa duka lake, na watu wa mtaa walimtania kwamba ni mtu wa kiti kimoja, ingawa kiti chenyewe wanakalia wengine. Alikuwa mpole, si mtu wa maneno mengi. Ramani ilipotandazwa juu ya meza ya kulia na kukaa hapo mwezi mzima, alichukua sahani yake akala akiwa ameipakata. Alipofuta meza, alifuta kuizunguka ramani, kama mtu anayefagia pembeni mwa mgonjwa aliyelala.

Hadubini hakutulia. Alfajiri alitoka uani kuhakikisha kamba ya nanga ipo, kana kwamba ina miguu. Alipima mifuko ya mchele kwenye mzani, akaipanga mashuani, akaona imeegemea kushoto, akaitoa yote. Kwa wiki moja aliipakia mashua na kuipakua mara tatu.

"Wifi," alisema dada yake kinyozi, aliyekuwa jirani yao na aliyependa kuegemea ukuta wa ua, "hiyo mashua imeshachoka na safari, na haijatoka hata nje ya geti."

"Nikisahau kitu huko, nitakipata wapi?"

"Kwani huko hakuna watu? Au wanaishi samaki peke yao?"

Orodha ya vitu aliibandika kwenye mlango wa friji. Maji lita sitini. Biskuti. Tochi mbili. Kopo la kukumbia maji. Jaketi la kuokolea, moja. Sufuria moja, sahani moja, kijiko kimoja. Kinyozi alipita mbele ya orodha hiyo kila siku akienda kuchukua maji ya baridi, wala hakusema neno.

Jambo lililomkosesha Hadubini usingizi lilikuwa daraja. Ramani ilionyesha kwamba siku mbili baada ya kuingia mtoni kuna daraja la barabara kuu, lakini haikusema liko juu kiasi gani. Mlingoti wa mashua ulisimama karibu mita sita kutoka majini, na mtu mmoja hawezi kuulaza na kuusimamisha peke yake juu ya mkondo. Alipiga simu ofisi ya barabara. Wakamhamisha dawati hadi dawati, na dawati la tatu likamwambia kwa fahari tani ambazo daraja linabeba.

"Nauliza kimo chake," alisema. "Kutoka majini."

Upande wa pili karatasi zikafunuliwa. "Mama, miaka yote niliyokaa hapa, hakuna aliyewahi kuliulizia hilo daraja kutokea chini."

Basi Jumanne asubuhi alifunga jiwe kwenye kamba, akaipiga kamba mafundo kila nusu mita, akaitia mkobani na kupanda basi. Alimwambia mumewe anakwenda kupima kitu. Kinyozi alikuwa na kichwa cha mteja mikononi. Akaitikia bila kugeuka.

Ilikuwa safari ya saa mbili. Hadubini alishuka mwanzo wa daraja, akatembea hadi katikati ambako maji yana kina, akaweka mkoba chini, akavua viatu ili asiteleze, akapanda ngazi ya kwanza ya ukingo. Aliinama na kuteremsha jiwe. Fundo la sita, la saba. Upepo ukaisukuma kamba, naye akazidi kuinama.

Alichohisi baadaye ni mikono miwili ikimkumbatia kiunoni na kumvuta nyuma kwa nguvu hata wote wawili wakaanguka barabarani. Kamba ikamponyoka na kwenda zake.

"Usifanye hivyo, mama yangu! Usifanye!" Alikuwa mlinzi wa daraja, mwanamume mnene mwenye sare, anahema kama aliyekimbizwa na mbwa.

"Kamba yangu!"

"Achana na kamba! Kamba ya nini tena?"

"Nilikuwa nahesabu."

"Wote huwa wanahesabu," alisema mlinzi, na machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Mwaka juzi nilimshika mmoja mguu. Mguu tu. Nilibaki na kiatu."

Hadubini akageuka. Aliviona viatu vyake mwenyewe, vimepangwa vizuri kando ya mkoba, akaelewa alivyoonekana. Aliinuka, akampangusa mlinzi vumbi mgongoni, akaanza kumweleza habari ya mashua. Kadiri alivyoeleza ndivyo mlinzi alivyozidi kumshika mkono. Bibi wa miaka sitini, peke yake, baharini siku kumi na moja? Kwake yeye hiyo ilikuwa njia ndefu tu ya kufika kulekule.

"Nyumbani kuna nini?" aliuliza kwa upole.

"Hakuna kitu. Ndiyo shida yenyewe."

Jibu hilo likammaliza. Alimwingiza kwenye kibanda chake, akamkalisha, akachukua simu ya Hadubini na kutafuta namba iliyoandikwa 'Mume'.

Kumngoja mtu kibandani ilikuwa adhabu. Hadubini alisimama mara kumi, na mara kumi mlinzi akasimama naye. Mwishowe Hadubini akamwambia, "Sikiliza, baba. Kama una kamba, shika wewe. Mimi nitasimama nyuma yako niandike." Mlinzi akapima neno hilo, asione hatari. Alikuwa na kamba ya kufungia pikipiki yake. Wakaipiga mafundo, wakapima kutoka ukingoni hadi majini, kisha wakatoa unene wa daraja lenyewe. Ikabaki mita tano na nusu.

"Mlingoti haupiti," alisema Hadubini. Miezi yote ile kwa ajili ya nusu mita!

"Sasa hivi maji yamejaa," mlinzi alisema. "Bahari inasukuma hadi hapa. Njoo uone." Akamwonyesha nguzo: alama nyeusi ya maji, na chini yake kome waliogandamana. "Yakipwa, wale kome wote wanabaki juu."

"Yanapwa saa ngapi?"

"Ngoja saa kumi jioni."

Kwenye saa tisa hivi gari dogo la mizigo lilisimama darajani kwa kishindo. Akashuka kinyozi, na koti lake jeupe la kazi mwilini, nywele za watu zimemganda begani. Kutoka nyuma ya usukani akashuka dereva ambaye nusu ya kichwa chake ilikuwa imenyolewa hadi ngozi na nusu nyingine ina msitu.

"Simu iliingia katikati ya kazi," alieleza dereva, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Nikasema, twende tu, nywele hazikimbii."

Kinyozi hakusalimia mtu. Alimwendea mkewe, akamtazama usoni, akamtazama miguuni.

"Nilikuwa napima," alisema Hadubini.

"Najua. Nilimwambia huyo bwana kwenye simu, huyo ni mke wangu, anapima. Akasema niwahi." Akaugeukia mto. "Nikawahi. Njiani nikajiuliza, je kama mimi ndiye nisiyejua?"

"Ningekuacha mimi?"

"Sahani moja," alisema kinyozi. "Kijiko kimoja. Mwezi mzima nasoma mlango wa friji."

Hadubini akakosa pa kuweka mikono. "Wewe maji ya ndoo yanakupa kizunguzungu."

"Ungeniuliza, nikakataa mwenyewe. Kukataa ni haki yangu. Umenikatalia wewe."

Mlinzi na dereva wakagundua kwa pamoja kwamba kuna kitu cha kutazama upande wa pili wa daraja.

"Nikwambie ukweli?" alisema Hadubini. "Sikuogopa utakataa. Niliogopa utakubali. Ungekuja kwa ajili yangu, ukaketi pale mbele umetulia kama unavyotulia nyumbani, na mimi ningeonekana kichaa hata huko baharini."

Kinyozi aliegemea ukingo. Lori likapita, daraja likatikisika chini yao.

"Mimi sijatulia," alisema hatimaye. "Nimenyamaza tu. Wewe angalau ulikuwa na dirisha. Mimi nina kioo. Kila nikiinua macho naona chumba kilekile mara mbili."

Miaka thelathini na mitatu ya ndoa, na neno hilo Hadubini hakuwahi kulisikia. Akamkung'uta zile nywele begani.

Saa kumi na robo walipima tena, wote wanne. Mlinzi alishika kamba, dereva akashika saa, kinyozi akamshika mkewe ukanda wa gauni bila kuombwa. Mita saba kasoro kidogo. Mlingoti ungepita na nafasi ya kuinua mkono. Mlinzi akapiga makofi kana kwamba ni yeye mwenye mashua.

Wakakubaliana kulekule darajani: bahari si ya kinyozi, wala hatajidanganya. Angemngoja hapo kwenye daraja, kisha wangepanda mto pamoja.

Wiki tatu baadaye Hadubini aliondoka. Siku kumi na moja za pwani zikawa kumi na tano. Mbili alikaa kwenye ghuba ndogo, upepo ukivuma kutoka kule anakokwenda, naye akizunguka ufuko huku na huko hadi akachimba njia kwa miguu yake. Siku ya tisa wimbi lilimwagikia mashuani, akakumba maji kwa kopo tangu asubuhi hadi adhuhuri, analia na kutukana, na alipomaliza akagundua kwamba ana njaa, tena njaa ya furaha. Mkono ulimvimba. Hakupiga simu kusema hivyo.

Alifika darajani maji yakiwa yamepwa kabisa. Juu, mlinzi alisimamisha magari mawili bila amri ya mtu yeyote ili watu watazame. Ncha ya mlingoti ikapita chini ya chuma. Upande wa pili, kwenye matope, kinyozi alikuwa amesimama na jaketi la kuokolea ameshalivaa, begi kichwani, maji yakimfika magotini. Alipanda mashua kama mtu anayepanda kitanda cha hospitali. Siku ya kwanza alitapika hadi jioni. Siku ya pili aliomba ashike usukani.

Mto haukufuata ramani. Mahali palipoandikwa kina palikuwa na fungu la mchanga, na palipoandikwa kijiji palikuwa na ng'ombe. Upepo ulipokufa walipiga makasia, wakagombana nani anavuta kombo, wakanyamaza, wakaanza kuzungumza tena. Siku ya tisa tangu darajani walifika pale mto unapogawanyika. Palikuwa na kisiwa cha matope na matete, basi. Hadubini alipatazama muda mrefu, akapapenda.

Simu ilipata mtandao, akamwandikia wifi yake kwamba wamefika salama. Jibu likarudi papo hapo: *Mnarudi lini?*

Hadubini alifungua daftari lake. Akafunua kurasa za maji, za upepo, za mifuko na mafundo, akafika mwisho, akarudi mwanzo.

"Nini?" aliuliza mumewe.

"Sikupanga kurudi. Hakuna hata mstari mmoja."

Kinyozi alicheka hadi mashua ikayumba, ikabidi ashike ubao kwa mikono yote miwili. Walikaa hapo siku mbili, wakafua nguo na kuzianika kwenye tanga. Siku ya tatu, kulipokucha, wakang'oa nanga wakauacha mkondo uwateremshe.