Mzee Futi na Msumeno wa Inchi Ishirini na Nne

Babu yake mzaa baba alikuwa mkata kuni, mtu wa kauli moja, ambaye majirani walimwachia funguo za nyumba zao kila waliposafiri. Baba yake alirithi shoka lile lile na heshima ile ile. Siku alipofariki, waokaji watatu walifunga maduka yao wakaja kubeba jeneza. Katika vizazi hivyo viwili hapakuwa na tanuri lililopoa kwa kungoja kuni zao, wala mteja aliyeuziwa kuni mbichi akaambiwa ni kavu. Yeye, wa tatu katika kazi hiyo, alilijua jambo hili barabara, na alihakikisha kwamba kila aliyelala chini ya paa lake analijua pia, apende asipende.

Watu walimwita Mzee Futi. Alisoma zamani, enzi ambazo mwalimu alikagua kucha na kola kabla ya kukagua daftari, na kutoka huko alibaki na rula ya chuma ya futi moja ambayo haikubanduka mfukoni mwa shati lake. Kila kipande cha kuni alichouza kilikuwa na urefu wa futi moja na nusu, si zaidi, si pungufu. Wajukuu walinong'onezana kwamba babu angeweza kupima hata tonge kabla ya kulimeza.

Siku ya Jumatatu upepo uliangusha mkaratusi uliokuwa umekaukia wima kwa miaka miwili nyuma ya duka la mikate. Shina lake, lenye unene wa futi mbili kamili, lilijilaza mbele ya mlango wa nyuma wa chumba cha tanuri na kuuziba. Mwoka mikate, mwanamke mchangamfu mwenye unga hadi kwenye nyusi, akamwita.

"Mzee wangu, riziki imejileta yenyewe mlangoni. Ila naomba iondoke kabla ya Ijumaa. Sina pa kupitisha kuni wala majivu."

"Ijumaa itakuta hapa pamefagiliwa, binti yangu."

"Nakuamini. Lakini ukiona mambo magumu niambie mapema, nimwite yule kijana mwenye mashine kubwa ya kukatia miti. Leo amepita hapa mara mbili, ananyemelea kama paka jikoni."

Maneno hayo yalimchoma Mzee Futi kama msumari wa moto. Tanuri lile liliwashwa kwa mara ya kwanza kwa kuni za babu yake. Iweje leo mtu mwingine aingie uani pale na mashine yake, na yeye abaki nje ya ukuta akisikiliza mlio?

Jumanne alfajiri akalivaa gogo. Mashine yake ilikuwa ndogo, bapa la chuma linalozungukwa na mnyororo wenye meno likiwa na urefu wa inchi kumi na nne. Ilinguruma, ikatoa moshi, ikamwaga vumbi laini lililomgeuza mwenyewe kuwa kama mwoka mikate wa pili. Hadi adhuhuri alikuwa amechimba mfereji wa kina kisichozidi upana wa kiganja. Mashine ilichemka, naye akachemka. Alipoizima, alikuwa amekwisha kukata kauli: mashine hii imekuwa ndogo mno kwake.

Ajabu ni kwamba wazo hilo, badala ya kumhuzunisha, lilimtia furaha asiyoitarajia. Mashine kubwa! Alipokuwa akinawa mikono alijikuta anapiga mluzi, jambo ambalo aliwakataza watu wote wa nyumba yake.

"Babu, unatabasamu," alisema mjukuu wake, msichana wa miaka ishirini na minne, fundi wa pikipiki ambaye asubuhi alikata kuni pamoja naye.

"Sitabasamu. Nafikiri."

"Basi fikra zako leo zina meno mengi."

Jumatano duka la mashine lilipofunguliwa, wawili hao walikuwa wamekwisha kufika, mashine ndogo ikiwa ndani ya gunia ili itolewe kwa kubadilishana na kubwa. Mzee alikuwa amevaa shati la kwenda kwenye vikao.

"Shikamoo, mzee," muuza mashine alisema.

"Marahaba. Nionyeshe ile kubwa."

"Kubwa kiasi gani?"

"Kijana, mtu akikwambia kubwa, usimwulize kiasi. Lete."

Ikaletwa. Bapa lake lilikuwa la inchi ishirini na nne, refu kama mguu wa mtoto anayeanza shule, na mnyororo wake uling'aa kwa mafuta mapya. Mzee Futi alitoa rula akaipima, ikawa kweli inchi ishirini na nne. Akaipima tena, safari hii kwa raha tu. Moyo ulimwenda mbio kama wa bwana harusi.

Uani palikuwa na gogo la kufanyia majaribio. Alivuta kamba ya kuwashia mara moja, mashine ikanguruma kwa sauti nzito iliyompanda kutoka nyayo hadi kifuani. Ikazama ndani ya gogo kama kisu ndani ya siagi! Vipande vya mti viliruka, vikamwingia kolani, vikamjaa mfukoni, na Mzee Futi, ambaye watoto wake watu wazima wangeapa kwamba hawajawahi kuona magego yake, aliangua kicheko kikubwa mbele ya wateja.

"Kipande kingine!" alipaza sauti. "Nikate kingine!"

Alikata vitano. Jasho lilimtiririka, mabega yalimuuma, naye hakujali.

Muuza mashine, akinusa biashara nzuri, akainama kufungua gunia. Mjukuu naye alikuwa amechuchumaa kando ya gogo, akichambua vile vipande vilivyoruka. Akasimama na kiganja kilichojaa.

"Babu, tazama. Hii inatoa vipande vikubwa kama kucha za dole gumba. Yetu inatoa unga."

"Kwa sababu ni ndogo."

"Udogo hauleti unga, Babu. Unga unaletwa na mnyororo usiouma."

"Usiouma!" Mzee alikunja uso. "Naunoa kila asubuhi kwa mkono wangu mwenyewe, jino baada ya jino! Nilinoa misumeno kabla mama yako hajaota meno!"

"Meno unayanoa, ndiyo. Vinundu je?"

Mbele ya kila jino la mnyororo kuna kinundu kidogo cha chuma kinachopima jino liume mti kwa kina gani. Mwezi uliopita Mzee Futi alimkuta mjukuu huyu akivisaga vinundu hivyo kwa tupa bapa. Alimnyang'anya tupa, akamgombeza mbele ya ndugu zake wote kwamba anaharibu mnyororo wa watu. Msumeno wa mkono aliofundishwa na baba yake haukuwa na kitu kama hicho, naye hakuwahi kumwuliza mtu kilikuwa kinafanya nini.

Muuza mashine akaukodolea macho mnyororo wa zamani. "Mzee, mimi simo. Mkimaliza mtanikuta kaunta."

"Kaa hapo hapo," Mzee Futi aliamuru. "Kipimo hakina mjomba."

Akachomoa rula, akailaza juu ya mnyororo. Ingekuwa rahisi kuiinamisha kidogo, na macho ya wengine yasingetambua. Hakuiinamisha. Chuma kilikaa juu ya kinundu, na kati yake na ncha ya jino lile mwanga ulipenya. Akasogeza kwenye jino la pili. Mwanga. La tatu. Mwanga. Kila asubuhi alikuwa amelipunguza jino na kukiacha kinundu kilivyo, hadi jino likawa fupi kuliko mlinzi wake, nao mnyororo ukabaki kuukwaruza mti.

Masikio yalimwaka moto.

"Mjukuu wangu."

"Abee, Babu."

"Ulikuwa sahihi. Mimi nilikosea, na nilikugombeza bure. Kijana, tupe tupa bapa."

Msichana alisaga vinundu pale pale, mzee akimfuata na rula kinundu hadi kinundu. Kisha mashine ndogo ikawashwa, ikapelekwa kwenye gogo lile lile. Vipande vikaruka!

"Vinaruka!" alipiga kelele mzee. "Unaviona? Vinaruka, mama wee!"

"Binti huyu ameniua," muuza mashine alilalamika huku akicheka. "Lakini mzee, gogo lako ni la futi mbili. Ndogo haitafika upande wa pili."

Mzee Futi aliitazama ile kubwa. Aliitamani, hakujidanganya. Viganja vyake bado vilikuwa na mtetemo wake. Lakini alipiga hesabu kwa sauti, kama aliyeitwa ubaoni: mashine ndogo huingia inchi kumi na tatu salama, upande huu kumi na tatu, upande ule kumi na tatu, jumla ishirini na sita. Gogo lina ishirini na nne.

"Inatosha na inabaki," alisema. "Nilikuja kununua dawa ya ugonjwa nisiokuwa nao. Rudisha hiyo kwenye rafu, na uifute vizuri, imenifurahisha sana."

Kutoka mchana huo hadi Alhamisi jioni walikata kwa zamu, yeye upande wa kulia, mjukuu upande wa kushoto, wakikutana katikati. Vipande vya futi moja na nusu vilipangwa ukutani kama vitabu. Mwoka mikate alifungua mlango wake wa nyuma, akasimama kizingitini akapiga makofi. Yule kijana wa mashine kubwa alipita, akachungulia, akaendelea na safari yake.

Hapo ndipo Mzee Futi alipowaita wajukuu wake wote, waliokuja kusomba kuni, akawasimamisha mstari mmoja.

"Mwezi uliopita nilimkemea dada yenu mbele yenu. Leo nasema mbele yenu: yeye alijua, mimi sikujua. Msicheke! Nyinyi kila siku mnadai simu mpya, pikipiki mpya, na zile mlizo nazo hamjawahi hata kuzipangusa. Kesho saa moja asubuhi kila mmoja aje na tupa bapa. Atafundisha yeye. Mimi nitakaa mbele. Na atakayenong'ona wakati mwalimu wangu anasema, atanitambua. Mmesikia?"

"Tumesikia, Babu."

"Sijasikia."

"Tumesikia, Babu!"