Barua Iliyogeuzwa Modeli

Kwenye ofisi yetu ya kuchapa barua, karibu na jengo la komini, yaani manispaa, ya Annexe, hakuna barua inayoanza kwenye ukurasa mweupe. Mteja akishaeleza shida yake, patron Gauthier hufungua folda inayoitwa MODÈLES, yaani mifano, hutafuta barua ya mtu mwingine aliyewahi kuwa na shida kama hiyo, hubadilisha majina na tarehe, halafu huchapa. Sekretaria nyingi za mtaa, kama tunavyoziita ofisi hizi, zinafanya hivyo. Barua inatoka haraka, Kifaransa chake kinapendeza, mteja anakwenda zake ameridhika. Ndani ya folda hiyo mlikuwa na miaka minane ya talaka, magonjwa, misiba na maombi ya watu wa Annexe.

Niliingia hapo nilipomaliza masomo ya informatique, yaani kompyuta. Virusi vilipoila mashine, patron aliniruhusu niweke mfumo wa Linux kutoka kwenye flashi yangu, kwa kuwa ilikuwa ya bure. Aliiita mfumo wa maskini, ingawa tangu siku hiyo mashine haikuugua tena. Nilimwomba basi tufanye na jambo la pili: barua ifutwe mteja akishaichukua, au ifungwe kwa neno la siri analolijua mwenyewe. Alinicheka mbele ya wateja. Alisema watu wanakuja kwake kwa ajili ya modeli, na kwamba mwenye siri asiandike. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Nilirudi kwenye kibodi.

Mwezi wangu wa pili kazini alikuja mama Laurentine, anayeuza samaki wakavu wa Pweto sokoni. Alingoja mpaka benchi likawa tupu. Binti yake Deborah alikuwa amekaa karibu mwaka mzima kwa shangazi yake katika mji wa Kambove, na majirani wa avenue yao waliambiwa kwamba anaugua. Ukweli ni kwamba alikuwa amezaa. Mtoto, Ariel, alikuwa akilelewa kama kitindamimba wa mama Laurentine mwenyewe. Sasa Deborah alitaka kurudi darasa la mwisho ili afanye mtihani wa taifa, na mkuu wa shule alidai barua yenye sababu ya kweli.

Nilichapa kila neno. Tulipomaliza aliniuliza ni nani atakayeisoma.

"Mkuu wa shule peke yake, mama," nilimjibu.

Alinishika mkono akaukaza. Kisha nikaiweka barua yake pale ambapo patron alitaka kila barua iwekwe. Hilo ni kosa langu, na sitamtwika mtu mwingine.

Wiki tatu baadaye, Deborah akiwa amesharudi darasani, nilipokuwa nimetumwa kununua wino wa printa, mama Kapinga alikuja kuandikiwa barua. Binti yake alikuwa ameugua tifoidi muda mrefu na alihitaji kurudi shuleni. Patron alifungua barua ya mama Laurentine. Alibadilisha majina ya juu, akabadilisha sahihi ya chini, na katikati akaacha aya nzima jinsi ilivyokuwa: jina la Deborah, tarehe aliyojifungua, Ariel, namba ya nyumba. Mama Kapinga na mama Laurentine wanakaa avenue moja. Mama Kapinga macho yake ni mabovu, kwa hiyo nyumbani alimpa mwanawe mkubwa Dan amsomee. Dan aliipiga picha. Kabla ya jioni ilikuwa kwenye grupu la WhatsApp la avenue, na watu walikuwa wameweka chini yake vikaragosi vinavyocheka.

Yote haya alituambia mama Laurentine mwenyewe asubuhi iliyofuata, akiwa amesimama mlangoni, kitambaa cha kichwa kimelegea. Hakupiga kelele. Alisema Deborah amejifungia chumbani tangu jana jioni, amevua sare ya shule na kuisukuma nje kupitia chini ya mlango, na anasema hatakwenda tena. Mtihani ulikuwa umebaki miezi miwili. Kisha akanigeukia.

"Weye njo ulinambia mukubwa wa masomo peke yake."

Uso uliniwaka. Patron ndiye aliyejibu, akiendelea kupanga karatasi zake. Alisema ni makosa madogo ya kazi, kwamba avenue itasahau, na kwamba angemchapia barua nyingine bila malipo. Akaongeza, kama mtu anayetania shemeji yake:

"Mama, bantu bote biko na mambo. Mwenye iko na siri, asiandike."

Mara ya kwanza nilipoyasikia maneno hayo nilikuwa nimeona haya. Mara hii hasira ilinipanda. Nilifungua MODÈLES. Nilijua pa kwenda. Siku moja, nikitafuta mfano wa barua kwa baba mkwe, nilikuwa nimeikuta ya patron mwenyewe: kurasa mbili, akiwapigia magoti wazazi wa mke wake wamrudishe binti yao, na kukiri kilichomfanya mke huyo akimbie. Alikuwa ameihifadhi humo na kuisahau. Sikuwahi kumwambia mtu.

Niliifungua ikajaa kioo kizima, nikaweka mshale juu ya alama ya printa. Patron alinyanyua macho, akaona, na karatasi zikamtoka mikononi.

"Mama Laurentine," nilisema, "nikuchapie hii? Ni ya patron."

Alikitazama kioo kwa mbali. Nadhani hakusoma hata mstari mmoja. Kisha akageuza uso kuelekea barabarani.

"Apana. Mi balinisoma. Sitasoma muntu."

Patron aliinama sikioni kwangu. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo.

"Exaucée, futa ile yangu. Ile tu."

Ile tu. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonimaliza. Alijua basi. Miaka minane yote alikuwa akijua kusomwa kunauma namna gani.

"Sijui kufuta moja, patron," nilimjibu.

Ulikuwa uongo, wa kwanza niliowahi kumwambia. Niliifunga barua yake, nikafungua dirisha jeusi la amri, nikaandika mstari mmoja unaoambia mashine iandike takataka juu ya kila faili ndani ya folda, mara tatu, halafu ndipo ifute. Kila mteja alikuwa na karatasi yake nyumbani. Hakuna aliyepoteza kitu isipokuwa yeye. Majina yalianza kupanda kwenye kioo. Mwanzoni alitabasamu, akasema atayatoa kwenye corbeille, kapu la takataka la mashine. Nilimwambia kwa njia hii hakuna corbeille. Alipoelewa, aliniambia nichukue mfuko wangu na nisirudi tena. Nilisubiri mstari wa mwisho uishe, nikachomoa flashi yangu, nikatoka.

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Wapi. Picha ilikuwa bado kwenye simu za avenue nzima, na hakuna amri ninayoijua inayofika huko. Nilitembea na mama Laurentine mpaka kwake nikiwa na hasira ile ile. Wanawake wawili waliokuwa wakichambua mboga barazani walinyamaza tulipopita, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliwakazia macho watu wazima mpaka wakainamisha vichwa.

Mlangoni kwa Deborah nilisema jina langu, na kwamba ni mimi niliyeichapa barua. Sauti yake ikatoka ndani:

"Ulisoma yote?"

"Nilisoma yote. Na ni mimi niliyeiacha kwenye mashine. Unisamehe."

Alifungua kidogo. Macho yalikuwa yamevimba. Hakusema amenisamehe. Aliuliza kama kuna namna ya kuandika kwenye simu bila mtu kuona, kwa sababu kama kuna barua nyingine ya kwenda shuleni, ataiandika mwenyewe, kwa maneno yake.

Alinipisha ndani, nikamwekea kwenye simu yake programu ndogo ya kuandikia, ya bure, iliyo wazi kwa yeyote anayetaka kukagua imetengenezwaje. Haitumi chochote mahali popote, na inafungwa kwa neno la siri. Alianza kunitajia neno alilolichagua. Nikamzuia.

"Hata mimi usiniambie."

Alikaa kitandani, Ariel akiwa amelala nyuma yake, akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Baada ya sentensi mbili aliinua macho, akanitazama, akaigeuza simu upande wa pili nisiione.

Niligeuka nikatazama nje ya mlango. Sare yake ya shule ilikuwa imetundikwa ukutani huko, kwenye msumari. Mama yake alikuwa ameshaifua.